Skana ya ELM327 kwenye IST yangu: inaponisaidia, na pale isipo na msaada

Kama una gari dogo la petroli lililotoka Japani, na kila taa ya injini ikiwaka inabidi ulipe kwanza hela ya kupimiwa gari kabla fundi hajashika hata spana, nunua hiki kidude. Nimeanza na maoni yangu ili mwenye haraka aende zake dukani. Sisi wengine tukae kidogo, maana kuna namna ya kukinunua na kuna namna ya kukisoma, na kwenye kukisoma ndiko hela za watu zinakopotelea.

Nazungumzia kile kiboksi cha plastiki chenye ukubwa wa kiberiti, kinachochomekwa kwenye soketi ya matundu 16 chini ya dashibodi, upande wa dereva. Kwenye IST yangu ya mwaka 2004 ukikaa kwenye siti ukapeleka mkono chini ya usukani unaigusa. Kiboksi kinaongea na kompyuta ya injini, kisha kinapeleka majibu kwenye simu yako kwa Bluetooth. Simu ndiyo skrini. Unaona namba za hitilafu zilizofanya taa iwake, na unaona injini inavyofanya kazi wakati huohuo: joto la maji, mizunguko, umeme wa betri, hewa inayoingia, na kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza au kupunguza. Hicho cha mwisho kina thamani kuliko namba ya hitilafu yenyewe. Nitakifikia.

Kwanza dukani. ELM327 ni jina la chipu ya kampuni ya Canada iliyoitwa ELM Electronics. Toleo lake la kwanza halikuwekewa ulinzi dhidi ya kunakiliwa, likanakiliwa na kusambaa dunia nzima, na kampuni yenyewe ilifunga shughuli mwaka 2022. Kwa hiyo karibu kila kiboksi cha bei nafuu chenye maandishi ELM327 ni nakala. Nakala peke yake si tatizo, changu mimi ni nakala na kinafanya kazi. Tatizo ni kwamba nakala hazilingani. Zipo zilizopunguzwa amri nyingi ndani, zinaweza kuongea na magari mapya tu, na kwa magari yetu ya miaka ya 2000 zinabaki zinatafuta kompyuta bila kuipata. Namba ya toleo iliyoandikwa kwenye boksi isikudanganye. Kampuni mama haikuwahi kutoa toleo la 1.5, lakini nakala nyingi nzuri zimeandikwa 1.5, na nyingi mbovu zimeandikwa 2.1 ili zionekane mpya zaidi.

Changu nilikinunua Kariakoo kwa shilingi 35,000. Nilimwomba kijana wa dukani twende naye hadi kwenye gari tukijaribu kabla sijalipa, akakubali bila neno. Kiboksi cha kwanza kilionekana kwenye simu, kikapokea namba ya siri 1234, halafu basi. Programu ikazunguka weee, kompyuta ya gari haikujibu. Akarudi dukani akaleta kingine, kinene kidogo, rangi ileile ya buluu na maandishi yaleyale, kikaunganika. Kwa macho usingevitofautisha. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huo: usilipe kabla namba ya mizunguko ya injini haijaonekana kwenye simu yako, gari lako likiwa linaunguruma. Muuzaji akikataa, maduka yako mengi.

Lakini usimlaumu muuzaji wala kiboksi kabla hujafanya jambo moja ambalo maelezo ya Wamarekani kwenye video hayakuambii. Marekani ililazimisha mfumo huu wa kompyuta ya gari kusomwa kupitia soketi hiyo, unaoitwa OBD2, kwa magari yote madogo kuanzia ya mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani hayakubanwa na sheria hizo. Toyota ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 iliyotoka kwenye mnada wa Japani ikaja hapa ina soketi ileile ya matundu 16, ila inawezekana kabisa inataka kuanzishiwa mazungumzo kwa namna yake. Ukitumia programu ya Car Scanner, wakati wa kuunganisha inakuuliza aina ya gari. Usichague ile ya jumla. Ingia Toyota, tafuta iliyotajwa kuwa ya soko la Japani, chagua hiyo. IST yangu kwa chaguo la jumla haisemi kitu, kwa chaguo la Japani inajibu vizuri. Najua watu walioweka vidude vyao kabatini wakiamini ni vibovu, kumbe ni hapo tu.

Sasa kazi yenyewe.

Taa ya injini iliwaka nikitoka Mbezi kwenda mjini. Gari lilikuwa linatetemeka kwenye sailensa, yaani injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, ukiwa kwenye foleni unasikia usukani unacheza, ukikanyaga mafuta linatulia. Nikasoma: P0171. Maana yake kompyuta inaona mchanganyiko una hewa nyingi kuliko mafuta. Nikaenda gereji moja iliyokuwa njiani, nikamwonyesha fundi simu. Akaangalia sekunde chache tu.

"Dada, hiyo ni oksijeni sensa. Imekufa. Used nzuri nakutafutia, mpya ni hela nyingi."

Hapa ndipo watu wengi wanapotoa hela. Oksijeni sensa ndiyo iliyoleta taarifa kwamba hewa imezidi, kwa hiyo inaonekana ndiyo mgonjwa. Lakini kama hewa imezidi kweli, sensa imefanya kazi yake vizuri, na ukiibadilisha mpya nayo itasema hivyohivyo. Namba ya hitilafu inakuambia kompyuta imelalamikia nini. Haikutajii spea ya kununua. Nilimshukuru nikaondoka, nikaenda kwa fundi wangu wa siku zote.

Tulichofanya naye ndicho nataka ukielewe vizuri, kwa sababu unaweza kukifanya mwenyewe ukiwa umeegesha nyumbani. Kwenye programu kuna vipimo viwili vya marekebisho ya mafuta, cha muda mfupi na cha muda mrefu, vinasomeka kwa asilimia. Injini isiyo na tatizo inacheza karibu na sifuri, iwe juu kidogo au chini kidogo. Ukivijumlisha vikafika juu ya 10 ujue kompyuta inahangaika kufidia kitu. Changu kwenye sailensa, injini ikiwa ya moto, kilikuwa 18 cha muda mrefu na 9 cha muda mfupi. Jumla 27. Yaani kompyuta inamwaga mafuta zaidi ya robo juu ya hesabu yake ya kawaida, na bado inaona hewa.

Kisha fundi akapiga resi, akashikilia kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika. Jumla ikashuka polepole hadi 6.

Huo mshuko ndio jibu. Kwenye sailensa injini inavuta hewa kidogo sana, kwa hiyo hata tundu dogo kwenye mpira linaingiza hewa ya wizi ambayo ni sehemu kubwa ya hewa yote. Ukipiga resi, injini inavuta hewa nyingi kupitia njia halali, na ile ya wizi inakuwa si kitu. Kwa hiyo namba ikiwa mbaya kwenye sailensa na nzuri kwenye resi, tafuta mpira uliopasuka. Ikiwa kinyume, nzuri kwenye sailensa na inaharibika ukikanyaga mafuta, hapo shuku pampu ya mafuta, chujio la mafuta, au ile sensa ya hewa iliyo karibu na boksi la ea klina. Ni magonjwa mawili tofauti yenye namba moja ya hitilafu, na oksijeni sensa haipo kwenye lolote kati ya hayo mawili.

Fundi akaanza kupapasa mipira na vidole. Upo mpira mfupi unaotoka kwenye kifuniko cha juu cha injini kwenda kwenye manifoldi ya hewa, unaorudisha mvuke wa oili ukaungue. Kwa juu ulikuwa mzima kabisa, mweusi, safi. Akaukunja kidogo, na kwa chini, pale kwenye kona, ufa ukafunguka mrefu kama ukucha. Akauziba kwa kidole gumba injini ikiwa inaunguruma. Mtetemo ukakata palepale, na mimi nilikuwa nimeshika simu, naona 27 inashuka: 20, 14, 11. Akaachia kidole, ikaanza kupanda tena. Sijawahi kuona ushahidi mzuri kuliko huo kwenye gereji. Mpira tulinunua Gerezani kwa hela ambayo hata ukiichanganya na ya ufundi haikaribii bei ya sensa. Tukafuta ile namba, na jumla yangu sasa inatembea kwenye 2 au 3.

Hapo kwenye kufuta niseme jambo. Kabla hujafuta chochote, piga picha ya skrini. Pamoja na namba ya hitilafu, magari mengi huhifadhi hali ya injini ilivyokuwa sekunde taa ilipowaka: mwendo, joto, mizunguko, mzigo. Ukifuta, vyote vinaondoka, na fundi anayekuja baadaye anaanza upya gizani. Kuna mafundi ambao huduma yao ni kufuta tu. Taa inazimika, unalipa, unafurahi, na baada ya siku chache imerudi. Ukiwa na kidude chako kazi hiyo huilipii tena.

Jambo la pili ambalo limenifanya nikithamini ni joto la maji. Magari mengi madogo siku hizi, Passo na Vitz yakiwemo, hayana mshale wa joto kwenye dashibodi. Yana taa ya buluu ya kusema injini bado baridi, na nyekundu ya kusema imechemka. Katikati hapo hujui kitu. Nyekundu ikiwaka mara nyingi umeshachelewa, na kwa injini zenye silinda hedi ya aluminiamu kuchemka mara moja kunatosha kuipinda hedi au kuunguza gasketi yake.

Mdogo wangu ana Passo, na tulikwenda nayo Njombe. Alfajiri baada ya Mafinga, baridi kali, taa ya buluu ikawaka tena gari likiwa linatembea. Yeye alikuwa haijali, anasema ikifika huko inafanyaga hivyo. Nikachomeka kiboksi. Joto la maji lilikuwa nyuzi 52, kwenye mteremko likashuka zaidi, kwenye mlima likapanda kufikia sitini na kitu. Injini kama hiyo inatakiwa itulie kati ya 80 na 95 popote ulipo. Hali hiyo kwa kawaida ni themostati iliyokwama wazi au isiyokuwepo, na kwa hili gari haikuwepo. Fundi aliyewahi kurekebisha rejeta ya hilo gari aliitoa akaitupa, kwa ile hoja tunayoisikia kila gereji kwamba nchi yetu ni ya joto, haihitajiki.

Inahitajika. Themostati kazi yake si kupooza injini, ni kuifikisha kwenye joto lake na kuishikilia hapo. Injini ikiwa baridi kompyuta inaendelea kumwaga mafuta mengi kana kwamba gari limewashwa sasa hivi, oili haichomi unyevu wake, na silinda zinalika haraka. Mdogo wangu alikuwa analalamikia ulaji wa mafuta wa hilo gari siku nyingi, na alishabadilisha plagi na chujio kwa ajili hiyo. Tuliweka themostati mpya na kulanti badala ya maji ya bomba, sasa simu inasoma 86 hadi 90 mlimani na tambarare, na ile buluu ikizimika asubuhi haijirudii. Kama gari lako kwenye barabara kuu linasoma chini ya 75 muda wote, nenda kaulize themostati yako iko wapi. Na kama mlimani linaanza kupita 100 na bado linapanda, zima AC, punguza mwendo, tafuta pa kusimama salama kabla ya nyekundu kuwaka. Kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka injini ipoe kabisa. Maji yaliyo ndani yana presha na yanaunguza mtu vibaya.

Mengine nitayapitia haraka.

Betri: gari likiwa limezimwa usiku kucha, betri yenye chaji kamili inasoma karibu volti 12.6. Likiwaka inatakiwa ipande kati ya 13.5 na 14.7. Ikibaki 12 na kitu huku injini inaunguruma na taa zimewashwa, usinunue betri, angalia alteneta na mkanda wake. Vidude hivi vya bei nafuu hukosea kidogo kwenye volti, kwa hiyo mara ya kwanza linganisha na mita ya fundi umeme ujue chako kinakosea kwa kiasi gani.

Kumisi, yaani silinda kutochoma mafuta vizuri: ukipata P0302 maana yake silinda ya pili inamisi. Kwa injini yenye koili moja juu ya kila plagi, kama 1NZ na 2NZ za Toyota, hamisha koili ya silinda ya pili uiweke ya tatu, ya tatu uilete ya pili, futa namba, endesha. Ikirudi P0303, koili ndiyo mbovu na umeshajua ipi. Ikirudi P0302 ileile, koili ni nzima, rudi kwenye plagi na nozeli. Jirani yangu wa Bolt alikuwa anaambiwa anunue koili zote nne. Alinunua moja.

Kununua gari la mkononi: nenda nacho. Taa ya injini isipowaka kabisa unapoweka swichi on kabla ya kuwasha, huenda mtu ameizima au ameitoa, hilo peke yake linatosha kuondoka. Kama inawaka na kuzimika vizuri, angalia kwenye programu ile sehemu inayoonyesha kama kompyuta imemaliza kujipima. Kwa magari yanayoonyesha sehemu hiyo, vipimo vingi vikiwa havijakamilika ujue kumbukumbu imefutwa karibuni au betri imechomolewa. Muulize muuzaji kwa upole, kisha omba uliendeshe gari zaidi na uchomeke tena.

Isipo na msaada: haioni breki pedi, bushi, shokapu, bolijointi, wala matairi. Haijui oili yako iko kiasi gani, bado dipstiki ni ya kuvutwa kwa mkono kila wiki. Kwa programu za kawaida na magari haya ya zamani haisomi ABS wala eabegi, hizo zinataka mashine kubwa kama Launch au Autel, na fundi mwenye mashine hiyo na anayejua kuitumia anastahili hela yake. Haitengenezi funguo. Na haina masikio. Fundi wangu anasikia beringi ya gurudumu gari likiwa bado linaingia getini, hakuna simu itakayofanya hivyo. Ninapomfikia na vipimo hanuni, anafurahi, kwa sababu kazi ya kutafuta imepungua na hatubishani juu ya spea. Kama fundi wako anachukia kuonyeshwa vipimo, hilo nalo ni jibu.

Usimpe mtu kazi ya kutazama simu huku yeye mwenyewe anaendesha. Ukitaka kuona joto njiani, simu iwe kwa aliyekaa pembeni.

Kuhusu simu: wa Android chukua ya Bluetooth ya kawaida. Wa iPhone hiyo haitakubali, utafute iliyoandikwa Bluetooth 4.0 au ya waifai. Ya waifai inafanya kazi, ila simu ikijiunga nayo mara nyingi intaneti inakata mpaka ujitoe. Car Scanner ya bure inatosha kwa yote niliyoeleza hapa. Programu ya Torque nayo ni nzuri, imezeeka kimuonekano tu, na kwa Toyota za Japani inabidi uandike amri za kuanzishia kwa mkono, ndiyo maana simpendekezei anayeanza.

Na ukimaliza kusoma, chomoa. Soketi ile ina umeme wa betri muda wote hata funguo ukiwa nao mfukoni, na kiboksi kinaendelea kunywa kidogokidogo. Gari linalotembea kila siku halitahisi, lakini ukiliacha likae wiki mbili na betri yenyewe imechoka, utaomba jirani akushtulie.